Kununua Nyumba Kubwa Iliyokarabatiwa Kando ya Ziwa Victoria, Mwanza: Mwongozo Kamili

Matangazo ya nyumba kubwa nje kidogo ya Jiji la Mwanza yamekuwa mengi: vyumba sita, sebule mbili, jiko jipya, bustani iliyopangwa, ziwa linaonekana ukiwa barazani. Nyingi ni nyumba za zamani zilizofanyiwa ukarabati, na sasa zinauzwa na mwenyewe anayehama au na watoto walioachiwa na wazazi wao. Rangi mpya na majani mabichi humvuta mtu kutoa pesa mapema. Kinachokuja kumsumbua baadaye ni mpaka wa kiwanja, maji, karo (shimo la maji machafu ya nyumba) na mkono wa mtu ambaye hakusaini.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza unaanzia kule ambako mnunuzi kwa kawaida humalizia. Anza na ardhi na maji, fuata watu na karatasi, kisha nyumba, kisha bustani. Bei iwe mwisho kabisa, maana kila hatua ya kabla yake itakupa sababu ya kuipunguza au ya kuondoka.

Hatua ya 1: Chagua upande kabla ya kuchagua nyumba

Mwanza ina pande zake. Ukifuata Ilemela kupita uwanja wa ndege utakuta Igombe, Sangabuye na Kayenze, ambako ziwa liko karibu na viwanja bado ni vikubwa. Barabara ya Musoma inakupeleka Igoma, Kisesa na hatimaye Magu. Barabara ya Shinyanga inapita Buhongwa na Usagara kuelekea Misungwi. Luchelele na Malimbe zina utulivu na ziwa, na zipo ndani ya Nyamagana. Ng'ambo, Sengerema imesogea karibu tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani mtu aliyeishi kule alipanga siku yake kwa kufuata kivuko.

Safiri njia hiyo mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, kutoka kwenye geti la nyumba hadi unapofanyia kazi. Irudie siku mvua imenyesha. Kipande cha mwisho cha barabara ya udongo ndicho kitakachoamua kama utaipenda nyumba hiyo mwezi wa nne. Kama una mzazi mzee nyumbani, pima pia muda wa kufika Hospitali ya Bugando usiku.

Hatua ya 2: Pima umbali wa nyumba na maji ya ziwa

Hapa usiwe na haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hati nzuri haiondoi katazo hilo. Kwa nyumba inayotangazwa kuwa "inagusa ziwa", chukua futi kamba ndefu, mpeleke mpima ardhi, mjue nini kiko ndani ya zile mita 60: je, ni nyasi tu, au ni banda la kupumzikia, ukuta, nyumba ya wageni? Chochote kilichojengwa humo usikilipie kama jengo, kwa sababu unaweza kuamriwa kukibomoa.

Ukingo wenyewe husogea. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana mwaka 1964, yakapanda tena 2020, na 2024 yakavuka hata kiwango cha 2020. Mialo (sehemu za kutia nanga mitumbwi), mashamba na nyumba za ufukweni vilimezwa. Usimuulize mwenye nyumba peke yake maji yalifika wapi. Teremka mwaloni ulio jirani, salimia, "Mwangaluka," kaa kidogo, waulize wavuvi na kina mama wanaoanika dagaa. Watakuonyesha mti au jiwe. Kisha rudi uangalie ukuta wa upande wa ziwa: alama ya unyevu iliyonyooka, chokaa iliyoumuka chini ya rangi mpya, mistari ya matope kwenye mashina ya miti.

Mengine ya ziwa ni ya kuishi nayo, lakini uyajue. Kichocho kipo katika fukwe nyingi za Mwanza, na watoto watataka kuogelea. Viboko hutoka usiku kula nyasi, na bustani iliyomwagiliwa huwapendeza. Gugumaji huziba ghuba upepo ukilisukuma huko. Vijidudu vya ziwani huja kama wingu kufuata taa, hivyo nyumba yenye baraza wazi na taa kali nje itakusumbua misimu hiyo. Radi nazo: eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi zaidi duniani. Uliza kama nyumba ina kingaradi na kama waya wake umefika ardhini kweli.

Hatua ya 3: Jua nani hasa anauza

Dalali atakuambia "mwenyewe yupo". Mwenyewe ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati, na mara nyingi hayuko peke yake.

Kama muuzaji ana ndoa na nyumba hiyo ndiyo makazi ya familia, mwenzi wake lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamlinda mke au mume dhidi ya nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Usikubali kuambiwa "mama anajua, yuko safari". Mngoje arudi, muamkie, kaa naye, umsikie akisema kwa kinywa chake kwamba wanauza, kisha asaini mbele ya wakili. Muuzaji akisema hana ndoa, aape kwa kiapo cha maandishi, na wewe uulize mtaani.

Nyumba ya urithi inahitaji uangalifu zaidi. Aliyekalia nyumba baada ya mzazi kufariki si muuzaji kwa kuwa tu ni mtoto wa kwanza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na akionyesha barua ya uteuzi, isome tarehe na majina. Hata hapo, omba kikao na warithi wote, waandike ridhaa yao. Familia kubwa ina dada aliyeolewa Bukoba na kaka aliye Dar es Salaam. Yule ambaye hakuulizwa ndiye atakayefungua shauri. Muhtasari wa kikao cha ukoo pekee, bila uteuzi wa mahakama, hautoshi.

Nenda pia kwa majirani bila dalali. "Shikamoo mama, nimesikia nyumba hii inauzwa, nafikiria kuja kuwa jirani yenu." Akishaitikia marahaba na kukukaribisha kiti, msikilize zaidi ya unavyouliza. Atakueleza ugomvi wa mpaka, maji yanayotuama, na nani alikuja mwaka jana akaondoka bila kununua. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji nao wanajua, ila majirani huzungumza wazi zaidi.

Hatua ya 4: Karatasi

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Kazi yake ya kwanza ni kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Nakala ya hati uliyotumiwa kwenye simu haithibitishi lolote kati ya hayo.

Angalia aina ya haki unayouziwa. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hesabu miaka iliyobaki: hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na hilo lazima lionekane kwenye bei. Baadhi ya nyumba zina leseni ya makazi tu, ambayo ni ya muda mfupi. Ukienda Magu, Misungwi au Sengerema vijijini unaweza kukuta hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Huko huwezi kuiruka Halmashauri ya Kijiji, maana uhamisho unapita kwake. Asiye raia wa Tanzania hamilikishwi ardhi kama raia, kwa hiyo mwenye uraia wa nje aanze kwa wakili kabla hata ya kwenda kuona nyumba.

Kisha mpima ardhi aende na ramani ya upimaji hadi kwenye kila bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na wapimaji. Bustani kubwa ndiyo hufanya jambo hili liwe la lazima. Mwenye kukarabati hupanda michongoma pale penye nafasi, na miaka ikipita kila mtu huamini huo ndio mpaka. Si ajabu nyasi nzuri zaidi zikawa kwenye hifadhi ya barabara, kwenye njia ya maji, au kwa jirani.

Omba pia kibali cha ujenzi, kikiwamo cha yale yaliyoongezwa wakati wa ukarabati. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Na bili za maji. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), hivyo nyumba iliyokaa bila mtu kununua umeme inaweza kuwa na deni lililojikusanya.

Hatua ya 5: Kagua nyumba kuanzia nyuma

Njoo na mhandisi au fundi mwashi mzoefu, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), na fundi bomba. Gharama yao ni ndogo ukilinganisha na thamani ya nyumba. Msianzie sebuleni. Anzieni stoo, kisha chumba cha msaidizi, gereji, nyuma ya jiko. Mwenye kukarabati kwa ajili ya kuuza huweka fedha panapoonekana, na stoo huachwa ilivyokuwa: hapo mtauona ukuta wa zamani, nyaya za zamani na nyufa ambazo kule mbele zimezibwa kwa plasta.

Nyufa husomwa. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta si kitu. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, mpana juu kuliko chini, unasema msingi umehama. Mwanza ni jiji la miamba, na nyumba za kwenye miteremko mara nyingine zimekaa nusu juu ya mwamba, nusu juu ya udongo wa kujazwa. Upande wa mwamba hautikisiki, upande wa pili hushuka taratibu. Kule bondeni kuna tatizo lingine: udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na nyumba huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Mchanga mwepesi wa juu, ambao wakulima wa Kisukuma wanauita luseni, hauna tabia hiyo. Chimbeni shimo dogo nje ya ukuta muuone.

Kisha fundi apande darini na tochi. Mimi naipa nafasi hii uzito kuliko vyumba vyote vilivyo chini. Aangalie kenchi (mbao zinazobeba paa) kama zimeliwa na mchwa, azigonge, achome kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa, iliyoliwa humeza ncha. Azime tochi atazame juu, aone matundu ya misumari yanayopitisha mwanga. Aangalie kama nyaya zimepita ndani ya mabomba au zimelala ovyo juu ya dari ya jipsamu. Popo nao hukaa huko, na harufu yao hurudi hata ukipaka rangi mara ngapi. Kama paa la zamani ni la asbesto na limefunikwa kwa bati jipya au dari, mlijue siku hiyo, kwa sababu vumbi lake likivutwa huumiza mapafu na kuliondoa ni kazi ya wataalamu.

Umeme: uliza mita ni ya fezi moja au tatu, halafu washeni pampu, hita za maji, jiko na viyoyozi kwa pamoja. Uliza ni nani aliyebadilisha nyaya na lini. Soketi mpya ukutani hazimaanishi waya mpya nyuma yake.

Karo ndiyo inayosahaulika zaidi. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja na bafu moja sasa ina vyoo vitano, lakini shimo ni lile lile. Na penye mwamba, shimo la kunyonya maji halinyonyi. Fanyeni hivi: mmoja asimame nje kwenye mfuniko wa karo uliofunguliwa, wengine wafungulie mabomba yote na kuvuta maji vyooni kwa wakati mmoja, mrudie mara tatu. Kaeni nusu saa. Maji yakipanda na kubaki pale pale, mmepata jibu. Angalia pia kisima kiko upande gani wa karo. Kisima kikiwa chini ya mteremko, usikitegemee kwa kunywa.

Upande wa maji, jua vyanzo vyote na uvipime kimoja kimoja: bomba la MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) linatoa siku gani na kwa nguvu gani, matenki yana lita ngapi, kisima kina uwezo gani. Peleka sampuli maabara wapime bakteria na floridi, kwani baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa vina floridi inayoharibu meno ya watoto.

Hatua ya 6: Bustani

Watu huiona bustani kama pambo. Mimi naiona kama ushahidi wa jinsi eneo linavyopata na kupoteza maji, na kama gharama ya kila mwezi utakayoibeba wewe.

Kama unaweza kuchagua, nenda mwezi wa tisa, kiangazi kinapokaribia kwisha. Nyasi zikiwa kijani wakati kila kitu nje ya uzio kimekauka, kuna maji mengi yanatoka mahali. Fanya hesabu: kumwagilia milimita 5 kwenye meta moja ya mraba ni lita 5. Ukoka wa meta za mraba 1,000 unakunywa lita 5,000 kwa siku, yaani tenki zima kubwa. Yanatoka bombani kwa bili? Kisimani kwa umeme wa LUKU? Au yanavutwa ziwani kwa pampu? Kuchota maji ziwani kwa namna hiyo kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo iko hapa hapa Mwanza. Muuzaji asipokuwa nacho, usihesabu maji hayo.

Ongea na mtunza bustani, umuulize kama mtu mwenye ujuzi wake. Ataje humwagilia saa ngapi na kwa muda gani, eneo gani hukauka kwanza, wapi pana matope mvua ikinyesha, mti gani ulianguka. Muulize mshahara wake, na kama yuko tayari kubaki. Anayeijua bustani kubwa ni mali, na ukimpoteza utatumia mwaka kujifunza alichokijua yeye.

Miteremko ikiwa imekatwa ngazi na kujengewa kuta za mawe, tazama kama kuta hizo zina matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu hubeba uzito wa udongo uliolowa kila masika, mwishowe hutoka tumbo, kisha huanguka. Simama mbali kidogo uuangalie kwa ubavu, utaliona tumbo hilo mapema. Fuata mfereji wa maji ya mvua mpaka mwisho: ukimalizikia kwa jirani wa chini, umenunua ugomvi.

Miti mikubwa karibu na nyumba ni kivuli na ni mizizi. Mvinje au mjohoro uliokaa juu ya karo au bomba utaingia ndani yake siku moja. Miembe na miparachichi iliyokomaa, kwa upande mwingine, ina thamani ambayo fedha hazinunui haraka. Nyumba yenye miti ya matunda ya miaka 20 naipendelea kuliko yenye vitalu vya maua vya juzi. Uzio wa manyara unadumu na ng'ombe hawaupiti, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo wenye watoto wadogo wapange kuubadilisha au kuuwekea wavu.

Angalia pia kilichopandwa jana. Udongo uliochimbuliwa, ukoka unaoinuka ukiuvuta kwa vidole, vyungu vilivyosukumwa kuficha kona ya ukuta: viinue vyungu.

Hatua ya 7: Bei, mkataba na malipo

Sasa una orodha. Mthamini aliyesajiliwa atakupa thamani. Ripoti yake itahitajika hata hivyo kwa uhamisho, ikiwa imeidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Jumlisha gharama za kurekebisha mliyoyakuta, ukae na muuzaji uso kwa uso, mzungumze kwa heshima ukimwonyesha kila jambo. Muuzaji mkweli huelewa. Dalali alipwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, baada ya kazi kukamilika.

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Orodhesha ndani yake vinavyobaki: pampu, matenki, jenereta, sola, taa za bustani, hata miche ya kwenye vyungu. Malipo yapite benki. Lipa kwa awamu, na sehemu ya mwisho ishikiliwe hadi kibali cha uhamisho kitoke. Mkubaliane mapema nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na kwa mkazi wa Tanzania ni 10% ya faida; ushuru wa stempu, takriban 1% ya thamani, kwa kawaida ni wa mnunuzi pamoja na ada za usajili. Usikubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Mkija kugombana mahakamani, bei hiyo ndogo ndiyo itakayosomwa.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Siku ya kukabidhiwa, badili vitasa vyote, piga picha mita ya LUKU na ya maji, peleka MWAUWASA na TANESCO mabadiliko ya jina. Jitambulishe serikali ya mtaa. Fuatilia mwenyewe hati mpaka jina lako lionekane kwa Msajili. Mkataba uliosainiwa na funguo mkononi havijakufanya mmiliki aliyesajiliwa.

Usibomoe wala kukata mti mkubwa kabla ya kuishi masika moja. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya kila ufa, safisha mifereji kabla ya mvua za mwezi wa kumi, nyonya karo mapema ujue linachukua muda gani kujaa. Yale mliyokubaliana na mafundi kurekebisha yaanze na paa, kisha karo, kisha nyaya. Rangi ya vyumba inaweza kungoja hadi kiangazi kinachofuata, kuta zikiwa zimekauka.